Betri ya tatu ndani ya miezi mitano, fundi anasema koili ya chaji imeungua. Nisaidieni kabla injini haijafunguliwa

KijiweRelini
Jumapili, saa 3:40 usiku

Habari za usiku wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana hela nyingi imeshanipotea kwa majibu ya haraka haraka.

Naendesha bodaboda, kijiwe changu kipo Tabata Relini. Pikipiki ni ya cc 150, ina stata na kiki, huu ni mwaka wake wa tatu barabarani. Ni ya mkataba na nimebakiza wiki kumi na moja iwe yangu, ndiyo maana sitaki kubahatisha tena.

Shida yenyewe ni hii. Nikifunga betri mpya inakaa vizuri wiki mbili, tatu. Halafu asubuhi moja nabonyeza stata nasikia tak-tak-tak tu, napiga kiki ndipo inawaka. Kuanzia siku hiyo honi inakuwa na sauti ya mgonjwa, indiketa zinaganda badala ya kuwaka na kuzima, na nikisimama kwenye foleni taa kubwa inafifia mpaka inakuwa nyekundu. Nikivuta resi inapanda kidogo. Tangu shida hii ianze, hii ni betri ya tatu.

Juzi ndiyo nimeogopa kweli. Saa nne usiku natoka Kariakoo na abiria, mama ana mtoto mgongoni, mvua inanyesha. Nafika mataa ya Buguruni, nashika breki, nawasha indiketa ya kulia, taa zote zikafifia kwa pamoja na injini ikazima. Katikati ya barabara, daladala nyuma yangu. Nilisukuma hadi pembeni, yule mama akashuka kwenye maji na mtoto wake. Nauli sikuchukua, nikamtafutia mwenzangu ampeleke. Usiku huo sikulala vizuri.

Nimeshaenda kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisema betri ni feki, nikanunua nyingine. Wa pili alivua terminali ya betri pikipiki ikiwa inaunguruma, haikuzima, akasema chaji ipo. Wa tatu anasema koili ya chaji imeungua, nibadilishe sahani nzima. Koili, gasketi, oili mpya na ufundi jumla elfu tisini. Kwa hesabu ninayopeleka kila siku, elfu tisini kwangu ni kazi ya wiki.

Vitu nilivyoongeza ni alamu ya wizi, spotlaiti mbili za LED na chaja ya simu kwenye usukani. Mita ninayo, ile ndogo ya njano, nilinunua Kariakoo. Mpaka leo naitumia kupima betri tu. Nielekezeni nipime nini.

Mwana_Mbagala
Jumapili, saa 3:58 usiku

Pole sana mkuu. Mimi yangu ilikuwa hivyo hivyo mwaka jana, nikabadilisha koili ikapona mpaka leo. Dalili yangu kubwa ilikuwa oili: nilipofungua kijiti cha kupimia ilinuka kuungua, na koili ilipotolewa nusu yake ilikuwa nyeusi tii. Hebu nusa oili yako kwanza.

FundiFeri
Jumapili, saa 4:25 usiku

Kijana, pole kwa lililokupata Buguruni, na umefanya vizuri kuuliza sasa hivi. Mimi ni fundi umeme wa magari na pikipiki, nimesomea VETA Chang'ombe, siku hizi nipo Kigamboni upande wa Feri, mwaka wa kumi na sita huu. Pikipiki za huku zinabeba samaki na maji ya chumvi, kwa hiyo waya uliooza nimeuona wa kila namna.

Kwanza nikukataze jambo moja. Usimruhusu mtu yeyote tena kuvua terminali ya betri pikipiki ikiwa inaunguruma. Najua kijiweni wengi wanaliamini pimo hilo, na mimi nilikuwa nalifanya nilipokuwa mwanafunzi. Halikuambii lolote la maana. Injini kutozima maana yake ni kwamba kuna umeme kiasi fulani unaofika kwenye CDI, kile kiboksi kinachotoa umeme wa cheche ya plagi, haisemi kama unatosha kujaza betri. Na betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo mzima. Ukiitoa, volti zinaruka ghafla, na zinaweza kuondoka na regulata, CDI na balbu zako kwa sekunde moja. Mteja anakuja na ugonjwa mmoja, anaondoka na mitatu.

La pili, hiyo koili. Kwenye kibanda changu nimetundika koili moja ya chaji kwenye msumari, ipo hapo miaka tisa. Nilimfungulia mteja injini kwa kusikiliza dalili tu, nikamuuzia koili mpya, akalipa, siku nne baadaye akarudi analia vile vile. Nikaipima ile ya zamani juu ya meza: nzima kabisa. Nilimrudishia hela yake yote. Tangu siku ile sifungui kava la magneti kabla mita haijaniambia nifungue, na kila kijana ninayemfundisha namwonyesha ile koili.

Mwana_Mbagala hajakosea, koili huungua, na harufu ya oili ni dalili nzuri kwa injini ambazo koili yake inakaa ndani ya oili. Lakini dalili ulizozitaja wewe zinafanana kwa koili mbovu, regulata mbovu, waya mbovu na betri mbovu. Zote zinatoa honi ya mgonjwa.

Elewa njia ya umeme ndipo vipimo vitakuwa na maana. Umeme unazaliwa kwenye koili, pale sumaku za magneti zinapoizunguka. Kwenye pikipiki kama yako mara nyingi unatoka kwa nyaya tatu za njano, ukiwa umeme wa kwenda na kurudi, na volti zake zinapanda kwa resi. Unaingia kwenye regulata, kile kipande cha aluminiamu chenye mapezi kama ya samaki. Regulata inafanya kazi mbili: inaunyoosha umeme uende upande mmoja tu, na inauzuia usipite volti 14 na nusu hivi. Kisha waya mwekundu unaupeleka kwenye betri kupitia fyuzi kubwa, na waya mweusi au wa kijani unafunga mzunguko kwenye hasi.

Kesho asubuhi kabla hujaiwasha, weka mita kwenye volti za mstari mnyoofu, alama ya 20, upime betri. Betri nzima iliyolala usiku ina 12.6 hadi 12.8. Ikiwa 12.2 imebaki nusu. Ikiwa 12.0 imekaribia kuisha. Kisha bonyeza stata huku unaangalia mita uone inashuka mpaka ngapi.

Washa. Pima tena bila resi, halafu kwa resi ya kati, taa zikiwa zimezimwa, halafu zikiwa zimewashwa zote. Mfumo mzima kwa resi ya kati unakupa 13.5 hadi 14.5. Ukiona inapita 15, zima: hapo regulata haizuii tena na inaichemsha betri.

Sasa koili. Zima, fuata nyaya tatu za njano mpaka soketi ya regulata, ichomoe. Mita igeuze kwenye volti zenye alama ya wimbi, 200. Kausha mikono, hizi volti zinapiga. Washa, pima njano ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu, kwa resi ile ile. Namba yenyewe inategemea pikipiki, ila kwa resi ya kati tegemea zaidi ya 30, na nyingi zinafika 50 na kupita. Ninachojali zaidi ni zote tatu kulingana. Koili iliyoungua mguu mmoja inajisema hapo hapo: utaona namba hazilingani.

Zima tena, geuza kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya, alama ya 200. Gusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe kwanza usome, maana mita za bei hiyo zina omu zao kwenye nyaya. Hiyo utaitoa kwenye kila jibu. Pima njano kwa njano, inatakiwa iwe chini ya omu moja. Halafu kila njano na bodi ya injini: hapo mita ibaki na ile 1 ya pembeni bila kusogea. Ikisogea, koili imegusa bodi, inunue.

Niletee namba. Usiniandikie "ipo sawa", niandikie namba.

Na ukija kununua siku yoyote, usiseme "stata" dukani ukimaanisha koili hii (kwa Kiingereza "stator"), utapewa mota ya kuwashia. Sema koili ya chaji.

Mama_Dagaa
Jumatatu, saa 1:10 asubuhi

Fundi, shikamoo. Nadandia hapo hapo kwa ruhusa ya mwenye swali. Mimi nipo Gongo la Mboto, nina pikipiki ya zamani ya cc 100, kijana wangu anasambaza dagaa kwa wateja. Taa ya mbele inapanda na kushuka kwa resi kama ya huyu kaka, lakini honi ni kali na betri ina miaka miwili. Kijana nilipompeleka kwa fundi ameambiwa koili imegusa bodi, mita imeonyesha. Ninunue?

FundiFeri
Jumatatu, saa 1:32 asubuhi

Marahaba mama. Usinunue. Pikipiki nyingi ndogo za zamani zinawasha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili, haipiti kwenye betri kabisa, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa resi ni tabia yake tangu kiwandani. Na kwenye mfumo huo mwisho mmoja wa koili umefungwa kwenye bodi makusudi. Mita lazima ionyeshe imegusa. Pimo la "isiguse bodi" nililompa kijana ni la koili ya nyaya tatu za njano peke yake. Mwambie kijana wako apime betri kwa resi ya kati. Ikifika 13 na nusu na zaidi, achana nayo, afanye kazi.

Mama_Dagaa
Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Amepima, 13.8. Mungu akubariki fundi.

KijiweRelini
Jumatatu, saa 5:20 asubuhi

Fundi shikamoo, na ahsante sana. Leo sijaenda kijiweni mpaka sasa, nimekaa nayo hapa nyumbani chini ya mwembe. Namba hizi hapa.

Asubuhi kabla ya kuwasha: 12.05. Nikabonyeza stata ikashuka 8.9, ikatoa ule mlio, nikapiga kiki.

Bila resi: 12.3. Resi ya kati, taa zimezimwa: 12.9. Taa kubwa na spotlaiti zikiwaka, resi ile ile: 12.3.

Njano kwa njano: 44, 45, 44.

Ncha za mita zikigusana: 0.4. Njano kwa njano: 0.9 zote tatu. Kwa bodi: ile 1 haijasogea hata kidogo.

Oili nimenusa, haina harufu yoyote ya ajabu.

Kwa hiyo koili ni nzima? Maana yake ni regulata? Hapa jirani wanaiuza elfu ishirini na tano, naweza kuipata leo.

FundiFeri
Jumatatu, saa 5:47 asubuhi

Marahaba. Umepima vizuri kuliko vijana wengi ninaowafundisha. Koili yako ni nzima: tatu zimelingana, omu 0.9 ukitoa 0.4 ni nusu omu, na bodi haijaguswa. Elfu tisini yako ibaki mfukoni. Nitakuomba siku moja ukitoka safari ndefu, ikiwa ya moto, upime tena zile 44, kwa sababu kuna koili inayokuwa nzima ikipoa na inayougua ikipata joto. Lakini kwa leo nimeridhika.

Elfu ishirini na tano nayo isubiri kidogo. Kabla ya kuihukumu regulata kuna pimo moja ambalo mafundi wengi wanaliruka, na kwa pikipiki za Dar, na mvua zetu na foleni za kukanyaga maji, mimi naliweka mbele ya yote.

Rudisha soketi zote. Washa pikipiki, taa kubwa ikiwaka, mtu akushikie resi ya kati. Mita kwenye volti za mstari mnyoofu, 20. Ncha nyekundu ichomeke kwa nyuma ya soketi ya regulata pale waya mwekundu unapotoka, mpaka iguse shaba. Ncha nyeusi weka kwenye chanya ya betri. Ndiyo, zote mbili ziko upande wa chanya. Unapima volti zinazopotea njiani kati ya regulata na betri. Njia nzima inapoteza 0.2, ikizidi sana 0.3.

Halafu fanya hivyo hivyo upande wa hasi: ncha moja kwenye waya mweusi wa regulata, nyingine kwenye hasi ya betri.

Nakueleza kwa nini. Regulata nyingi za pikipiki hizi hazijui hali ya betri yako, zinajua volti zilizopo mdomoni mwao. Ikiona 14.2 hapo kwake, inasema inatosha na kuubana umeme. Kama katikati ya njia pana kiungo kibovu kinachokula volti moja na robo, regulata inaona 14.2, betri inapata 12.9, na kila mmoja anaamini yuko sawa. Ukipima waya huo kwa omu ukiwa hauna umeme mkubwa ndani yake, mita yako itakuambia ni mzima. Ubovu wake unaonekana ukibebeshwa mzigo tu.

Na 12.9 yako ndiyo inayoua betri. Betri hii ni ile ile ya risasi na tindikali aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na ugonjwa wake mkubwa haujabadilika: ikikaa na njaa, salfeti inaganda juu ya sahani za risasi, inakuwa ngumu kama jiwe, na sehemu iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Betri zako hazikuwa feki. Ziliwekwa kwenye pikipiki isiyozilisha.

Na yale ya Buguruni yanaelezeka kwa hesabu. Taa kubwa wati 35, spotlaiti zako nadhani 20 kwa 20, balbu ya breki 21, indiketa mbili za 10. Jumla 116. Gawanya kwa 12, karibu ampea 10. Injini bila resi haiwezi kutoa hiyo, inategemea betri isaidie, na betri ilikuwa tupu. CDI ikakosa umeme, injini ikazima. Ndiyo maana lilitokea ulipokuwa umesimama, umeshika breki na umewasha indiketa.

KijiweRelini
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Fundi, spotlaiti ni 20 kwa 20 kweli.

Upande wa hasi: 0.06. Upande wa chanya: 1.31.

Nilirudia mara tatu, 1.31, 1.28, 1.31. Nisogee wapi?

FundiFeri
Jumatatu, saa 7:22 mchana

Umeshaipata. Sasa iache ncha nyekundu hapo hapo kwenye regulata, ile nyeusi uisogeze kutoka kwenye betri kurudi nyuma: mguu wa fyuzi upande wa betri, mguu wa fyuzi upande wa pili, kila soketi, kila mahali penye tepu. Utaona 1.3, 1.3, 1.3, halafu ghafla 0.1. Ubovu upo kati ya 1.3 ya mwisho na hiyo 0.1. Na upaguse kwa kidole, patakuwa na joto. Volti 1.3 kwa ampea nne ni wati tano, ndani ya tepu iliyofungwa, saa nane kwa siku.

Nikukisie: aliyekufungia alamu na spotlaiti alikata waya mwekundu chini ya siti.

KijiweRelini
Jumatatu, saa 9:50 alasiri

Fundi, ni hapo hapo. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nafanya kazi, naomba niwaeleze wote vizuri maana huenda kuna mwenzangu anaendesha hali hii.

Nilivua siti na kava la kushoto. Mguu wa fyuzi pande zote mbili ulinipa 1.3. Karibu kidole kimoja kutoka kwenye fyuzi, kuelekea regulata, palikuwa na uvimbe wa tepu nyeusi, mnene kama kidole gumba, ambao kila siku nilikuwa nauona nikifungua siti na kudhani ndivyo ulivyotoka kiwandani. Nikaweka ncha baada ya uvimbe: 0.08. Nikaugusa, ulikuwa wa moto.

Nilizima, nikatoa terminali ya hasi, nikakata tepu kwa wembe. Gundi ilikuwa imeyeyuka inavutika kama ulimbo. Ndani, ule waya mwekundu ulikatwa, ukasokotwa kwa mkono pamoja na waya wa alamu na waya wa spotlaiti, bila kulehemu, bila soketi. Shaba imekuwa ya kijani, ukiisugua kwa ukucha inatoka unga. Plastiki ya waya imekuwa ya kahawia na inapasuka ukiikunja. Nilizihesabu zile nywele za shaba zilizokuwa bado zinang'aa na kushika upande wa pili: tisa. Umeme wote wa pikipiki ulikuwa unapita kwenye nywele tisa.

Nimekata sehemu yote iliyooza mpaka nikaona shaba nyekundu safi, nikaenda kwa fundi redio hapa mtaani akanilehemea kipande kipya cha waya wa milimita za mraba 2.5, akavisha mpira wa kubana kwa moto. Alamu na spotlaiti nimezitoa kabisa kwa sasa. Gharama yote elfu nne.

Namba mpya. Upotevu upande wa chanya: 0.11. Resi ya kati, taa zimezimwa: 14.2. Taa kubwa ikiwaka: 13.9. Bila resi na taa: 13.1.

Nilipoona 14.2 nilimwita mke wangu aje aione. Hakuelewa ni nini, lakini alifurahi kwa kuwa nimefurahi.

Mwana_Mbagala
Jumatatu, saa 10:30 jioni

Hongera mkuu. Leo nimejifunza, maana mimi ningekupeleka ukafungue injini. Kesho na mimi nafungua siti yangu.

FundiFeri
Jumatatu, saa 2:15 usiku

Nimefurahi sana, kijana. Mambo matatu yamebaki.

Alamu usiirudishe kabla hujaipima inakunywa kiasi gani. Iunge kwa muda, zima swichi kuu, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, geuza kitufe kwenye 10, vua terminali ya hasi, mita iwe daraja kati ya terminali na hasi ya betri. Usiwashe swichi wala kubonyeza stata mita ikiwa hapo, itaungua. Ukimaliza, rudisha ule waya kwenye tundu la volti mara moja, maana ukisahau ukaenda kupima volti za betri utakuwa umepiga shoti.

Spotlaiti zirudishe kwa njia yake yenyewe, na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi yake kutoka kwenye betri, zisining'inie tena kwenye waya wa chaji. Na ukiwa kwenye foleni uzizime.

Betri uliyonayo usiitupe bado. Mpelekee mtu wa kuchaji, lakini mwambie ukweli kwamba ni ya pikipiki. Betri ya Ah 7, yaani ampea-saa saba, inachajiwa kwa ampea 0.7, taratibu, usiku kucha. Wengi wanaiunganisha pamoja na za malori kwa ampea tano au kumi, inachemka na kuvimba, kisha mwenye betri anaambiwa ilikuwa mbovu. Kama hana chaja ndogo, ondoka nayo. Ikishajaa, ilaze bila kuitumia usiku mmoja, upime. Ikibaki 12.5 na zaidi, na stata isipoishusha chini ya 10, endelea nayo.

KijiweRelini
Jumanne, saa 3:05 usiku

Alamu nimeipima: 0.16. Nikachomoa fyuzi yake: 0.00. Nikaifungua, ndani ina matone ya maji na kutu.

FundiFeri
Jumanne, saa 3:18 usiku

Ampea 0.16 kwa saa kumi za usiku ni Ah 1.6. Karibu robo ya betri yako ilikuwa inanywewa umelala, na mchana haikurudishiwa. Hiyo alamu imeshaingiwa na maji, iache. Nunua mnyororo mzuri na kufuli.

KijiweRelini
Alhamisi, saa 12:05 asubuhi

Nimemaliza kuichaji jana kwa mtu mwenye chaja ndogo pale Kimanga, ikalala bila kuguswa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimepima: 12.6. Stata imeshuka mpaka 10.4 na imeshika mara ya kwanza. Mita nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, ipo chini ya siti. Wenzangu wawili kijiweni wameniomba niwapimie leo upande wa chanya, naanza na yule ambaye indiketa zake zimeganda tangu wiki iliyopita.